Kumpeleka Nnalongo Kabale kwa Gari la Hajji Idi

Tangu nirudi mnaniuliza, wengine kwa huruma na wengine kwa kunicheka, ilikuwaje nikatoka Kampala Jumatano alfajiri nikafika Kabale Ijumaa mchana, safari ambayo basi huimaliza kwa siku moja. Nimewasimulia vipande vipande, na kila nikisimulia Ssenga Nora hunikatiza aeleze kuku aliokula. Basi nimekaa niiandike yote mara moja, halafu mniache nipumue.

Kwanza mjue nilichokuwa nakikimbilia. Mke wangu Nakato anafundisha Kabale. Mimba ilikuwa imefika miezi tisa, miguu imevimba, na daktari amemkataza kusafiri. Barua yake ilinifikia nyumbani Kisugu, hapa Kampala, Jumanne jioni. Upasuaji ulipangwa Ijumaa saa nane mchana, kwa kuwa daktari wa kupasua huja siku hiyo tu. Mimi nilitakiwa nikatie sahihi. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa, aliandika nimletee mama yake, maana bila mama yeye haingii chumba kile. Namjua Nakato. Akisema haingii, haingii hata wambebe.

Mama yake tunamwita Nnalongo, jina la heshima la mwanamke aliyezaa pacha. Ni Muganda wa Kasubi, wa kizamani, anasuka mikeka. Mimi ni mtu wa Bukavu niliyeoa kwao. Kwa Waganda mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawali pamoja, hawakai kiti kimoja wala hawatazamani usoni. Nnalongo alizidisha: hata kusemezana ilikuwa kupitia mtu. Miaka minne ya ndoa, sauti yake nilikuwa naisikia nyuma ya pazia tu.

Mabasi yote ya wiki ile yalikuwa yamejaa wanafunzi, shule zinafunguliwa. Ndiyo sababu nilikwenda kubisha kwa Hajji Idi.

KISUGU HADI KASUBI

Hajji Idi, jirani yangu, ni wa zile familia za Waislamu ambazo babu zao walikuja na misafara kutoka pwani wakabaki. Kiswahili chake kimenyooka mpaka mimi wa Bukavu huona haya kufungua mdomo. Aliniazima gari lake dogo la bluu bila kusita, akanipa na nasaha.

"Gari hili zee, lakini lina adabu zake," alisema. "Usilizime pasipo mteremko, na ukiwa na haraka usilionyeshe."

Haraka nilikuwa nayo mpaka kwenye kope. Nilimshukuru huku mguu mmoja umeshaingia ndani.

Kasubi nilifika kabla ya jua, nikaliacha gari linanguruma. Nnalongo alitoka amevaa gomesi, lile gauni refu la Kiganda la mshipi, kilemba kimeshushwa hadi kwenye nyusi. Akangoja nigeukie ukuta, ndipo akaingia kiti cha nyuma, nyuma yangu kabisa. Mbele akakaa Ssenga Nora, shangazi yake Nakato, dada wa marehemu baba mkwe. Kazi ya Ssenga ilikuwa kuwa mdomo wetu. Kazi ya pili, ambayo alijipa mwenyewe, ilikuwa kula.

Hatujatoka mjini, Ssenga akanyoosha mkono akakigeuza kioo cha katikati kikawa kinatazama paa. Nikauliza kulikoni. Akasema Nnalongo anayaona macho yangu mle kiooni, na hiyo si heshima. Nikamweleza kwamba dereva lazima aone nyuma. Akanijibu kuwa nyuma kuna Nnalongo, na Nnalongo hatazamwi. Safari nzima niliendesha bila kujua kama kuna kitu kinanifuata.

KASUBI HADI LUKAYA

Mpaka Mpigi gari lilikwenda vizuri, nikaanza kujisifu moyoni. Baada ya hapo mshale wa joto ukapanda. Nilisimama mara tatu kuomba maji, na kila nikitaka kusimama lazima kwanza nitafute mteremko, na kila nikitafuta mteremko injini inazidi kuchemka. Pale mstari wa ikweta watu wanapiga picha, mimi nabembeleza ndoo ya maji kwa mwenye duka. Miguu ilikuwa inaniwasha. Nilitamani kushuka niikimbie barabara mwenyewe.

Lukaya niliwakuta mafundi kando ya barabara, jirani na wachoma kuku. Mmoja, mwembamba, aliyevaa suruali kuukuu ya kijeshi, akainama akatazama.

"Lejeta yako iko na tundu kidogo tu, ssebo," akasema. "Mimi naziba na sabuni, unafika Kabale leo leo."

Akafungua kifuniko cha rejeta, akakiweka juu ya jiwe, akaanza kusugua mche wa sabuni ya kufulia kwenye tundu. Ssenga alikuwa ameshavuka kwenda kwenye kuku. Nnalongo alisimama kivulini upande wa pili wa gari, na mimi nikawa natembea huku na huko, siwezi kutulia.

Fundi alipomaliza, alijaza maji akafunga boneti. Nnalongo akakohoa. Kwa adabu zao mama mkwe akikohoa hivyo maana yake umemkaribia mno. Nikasogea. Akakohoa tena, kwa nguvu. Nikasogea zaidi, mpaka karibu nikanyage gonja, ndizi za kuchoma, za watu. Akapiga bati la gari kwa kiganja. Nikajua huyu mama amechoka kungoja, jambo ambalo nililielewa vizuri kuliko lolote siku ile. Nikamwita Ssenga, akaja na kuku wawili kwenye vijiti, tukaondoka. Nnalongo hakula, kwa sababu mimi nilikuwa mle ndani.

LUKAYA HADI MASAKA, KWA KAMBA

Hatukwenda mbali. Moshi mweupe ulitoka mbele, kioo kikajaa mvuke, na injini ikagonga mara kadhaa ikanyamaza. Nilifungua boneti kwa shati. Mdomo wa rejeta ulikuwa wazi. Nikatafuta kifuniko kila mahali, chini ya betri, kwenye vyuma, nyuma ya gari, nikijiuliza kimeruka kwenda wapi.

"Muko, kifuniko kilibaki Lukaya," Ssenga akasema, akiniita mkwe kwa Luganda, na mdomo bado una kuku. "Juu ya jiwe. Nnalongo alikiona."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema. Ssenga akashangaa. Angemwambia nani, na yeye Ssenga alikuwa ng'ambo ya barabara? Alikohoa, nikaenda zangu. Na tulipoondoka je? Tulipoondoka alimnong'oneza Ssenga, lakini Ssenga akaona mwanaume analijua gari lake, na mama mkwe kumwonyesha mkwe kosa ni kumvua nguo. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wananitunzia heshima huku maji yanamwagika barabarani.

Nilipiga kelele. Nilimpigia Ssenga, ila maneno hayakuwa yake. Nilisema Nakato yuko peke yake, na sisi huku tunakoholeana. Nnalongo aliyasikia yote. Alishusha kilemba zaidi akatazama mapapai ya watu. Niliona aibu papo hapo, lakini aibu haizibi rejeta. Jioni lori la kahawa lilituvuta kwa kamba hadi Masaka.

MASAKA, SIKU NZIMA

Gasketi ya injini ilikuwa imeungua. Ssenga ana ndugu Masaka, wao wakalala huko, mimi nikalala garini. Alhamisi asubuhi fundi mkubwa, mtu wa kitambi na mwenye maneno matamu, aliapa kwamba saa sita tutakuwa njiani. Akafungua injini yote, vyuma vikapangwa kwenye gunia, vitambaa vikasokotwa vikachomekwa kwenye matundu ili vumbi lisiingie. Nikaanza kupata imani.

Saa nne na nusu akaja mtu na habari kwamba jirani yao wa kijiji cha pili anazikwa saa saba. Mafundi wote wakaweka spana chini. Nilidhani watatuma mmoja awawakilishe. Fundi mkubwa akanitazama kwa masikitiko akasema asiyezika wenzake naye hazikwi, na gari haliozi. Walinawa mikono, wakavaa kanzu zilizokuwa zimetundikwa nyuma ya mlango, wakaondoka. Wanajua kazi yao, kanzu iko gereji siku zote.

Nilifanya nini? Niliwafuata. Niliogopa nikibaki hawatarudi. Nikaenda kumzika mtu nisiyemjua, nikakaa kwenye majani ya migomba, nikapakuliwa matoke na maharagwe na mwanamke aliyenipa pole kwa msiba wangu. Sikuthubutu kumweleza kwamba msiba wangu ulikuwa gasketi. Ssenga naye alikuja, kwa sababu msiba una chakula, akakaa pembeni yangu. Ndipo aliponiambia habari ambayo Nakato hajawahi kunisimulia.

Nakato alikuwa na pacha wake mkubwa, Babirye. Nilijua hayupo. Waganda hawasemi pacha amekufa, husema ameruka, nami sikuwahi kuuliza aliruka vipi. Ssenga akasema ilikuwa wakati wa vita. Babirye alishikwa na uchungu wa kuzaa, wakamtanguliza hospitali kwa baiskeli. Nnalongo akafuata kwa miguu na beseni na nguo za mtoto. Chini ya kilima cha Lubaga kulikuwa na kizuizi. Askari akamwambia kwa Kiswahili, kaa chini. Alikaa pale hadi kulipokucha. Babirye alimwita mama yake mpaka mwisho, na Nakato ndiye aliyekuwa amemshika mkono.

"Kiswahili anakisikia chote," Ssenga akasema. "Ila hataki kukisema. Hicho Kiswahili chenyewe alifundishwa pale."

Miaka minne nilidhani ananichukia kwa kuwa ni mgeni. Na jana yake tu nilimfokea barabarani, tena kwa Kiswahili.

Mafundi walirudi saa tisa, wameshiba na wana haraka, kwa kuwa nami sasa nilikuwa nawasimamia vichwani. Nilikuwa nawahimiza kila dakika. Nikiri hapa kwamba haraka ile ilikuwa yangu. Walirudisha vyuma mbio mbio, wakajaza oili, wakalisukuma gari, likawaka. Sikuhesabu vitambaa. Nani huhesabu vitambaa?

MASAKA HADI LYANTONDE

Jua linashuka, mkanda wa feni ukakatika. Fundi wa Lyantonde hakuwa nao, akasema kitambaa kigumu kinaweza kutufikisha Mbarara, ambako mikanda ipo. Ssenga akatazama mshipi wake wa kiunoni, wa hariri, mpya, akaanza kueleza ulikotoka. Kabla hajamaliza, kwenye kiti cha nyuma tukasikia nguo inafunguliwa. Nnalongo aliuvua mshipi wa gomesi lake, mpana, mzito, akaupitisha dirishani.

Ulinifikia mimi, maana mimi ndiye nilikuwa karibu. Nikaganda. Mshipi wa mama mkwe haushikwi na mkwe. Fundi alitutazama mmoja mmoja, akauchukua mwenyewe akausokota. Nnalongo akalifunga gomesi lake kwa kamba ya katani. Tulilala hapo, tukaondoka kabla hakujapambazuka vizuri, na mshipi ule ulifika Mbarara salama, tukanunua mkanda wa kweli. Nadhani mafundi wote wa njia ile hakuna aliyefanya kazi safi kama ule mshipi.

KUPITA MBARARA

Ijumaa, saa nne asubuhi. Tumeiacha Mbarara nyuma, barabara nzuri, na nikifanya hesabu naona saa saba nitakuwa Kabale. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Sikutaka kuiona. Nikajiambia ni waya, magari mazee yana waya mbovu. Nilikwenda nayo hivyo kilomita mbili au tatu, naikwepa kwa macho, hadi injini ilipolia kama chuma kinachokatwa na gari likasimama lenyewe, magurudumu yakiburuzika.

Mjue nilikuja kuambiwa baadaye: ndani ya oili kulikutwa kitambaa kimoja cha vile vya Masaka. Kilinyonywa kikaziba njia. Lakini pale barabarani sikuhitaji fundi wa kuniambia kwamba limekwisha. Nilikaa kwenye majani. Nilishindwa hata kusimama, mimi ambaye siku tatu nilishindwa kukaa. Nilifikiria Nakato ameshika kitanda, anamkatalia nesi, na saa zinakwenda.

Magari mawili yalipita yamejaa. Karibu saa tano likasimama lori la chumvi linalokwenda Kabale. Dereva alikuwa Mswahili wa Tanga, mpole. Mbele alikuwa na abiria mmoja tayari, mwalimu mnene aliyelala usingizi. Ilibaki nafasi ya mtu mmoja na nusu.

Nikaomba nipande juu ya mzigo.

"Juu sipandishi mtu, ndugu yangu," akasema. "Mbele kuna kizuizi cha wanajeshi, watanishusha na chumvi yangu. Wawili mkibanana mtaingia. Kama hamtaki, nawahi."

Tulisimama sisi watatu. Ssenga hakuweza kwenda badala yangu, kwa sababu sahihi inayotakiwa ni ya mume. Nnalongo hakuweza kubaki, kwa sababu ndiye anayeitwa. Gari la Hajji likiachwa peke yake lingevuliwa hadi taa. Kwa hiyo Ssenga abaki na gari, na sisi wawili tubanane kwenye nafasi ya mtu mmoja na nusu, bega kwa bega, paja kwa paja. Ssenga alianza kusema kwamba jambo hili haliwezekani, mtu hushikwa na obuko, mikono ikatetemeka maisha yake yote. Mimi nilitazama chini. Nilikuwa najiandaa kumwambia Nnalongo aende peke yake, mambo ya sahihi nitayajua baadaye, ingawa nilijua bila sahihi hawatampasua.

Nnalongo akampita Ssenga, akapanda lori. Nilisikia anavyohema. Akaketi, akasogea hadi akambana mwalimu, akapiga kiti pale palipobaki.

"Wewe," akasema. "Panda. Kaa hapa. Funga mlango."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu, uso kwa uso, na yalikuwa ya Kiswahili. Kwa Luganda asingeweza kuyasema, na mimi nisingeweza kuyatii. Kila neno alilosema alikuwa ameambiwa yeye na mtu mwenye bunduki, na sasa aliyatumia kunipeleka kwa mwanawe. Nikapanda. Nikakaa. Nikafunga mlango.

Aliweka kifurushi chake kati yetu, na kwenye kona ya kwanza ya milima kikaanguka miguuni, hakuna aliyekiokota. Dereva alituchungulia, akauliza kama mimi na mama tumegombana njiani. Nikasema hapana, ni mama mkwe wangu. Akacheka, akasema kwao mama mkwe husimangwa kwa mdomo, sio kwa kimya. Kadiri milima ilivyopanda kona ziliongezeka, na katika kona moja kali Nnalongo alinishika mkono juu ya kiwiko, akaushikilia mpaka tulipoiona Kabale. Kwenye kizuizi askari alitazama ndani, akamtazama yeye. Vidole vyake vilikaza, lakini uso haukuinama. Tukapitishwa.

KABALE

Tulifika hospitali saa nane na nusu. Nesi alitupokea kwa ukali, akasema mgonjwa ameikataa machela mara mbili, daktari ameanza na mtu mwingine, na mapigo ya mtoto hayampendezi. Akanitia karatasi mkononi. Niliiegemeza ukutani nikatia sahihi, sijui hata niliandika nini.

Nakato alikuwa amekaa kitandani, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Nnalongo aliingia, nami nikabaki mlangoni, mahali pangu.

"Umekuja na nani?" Nakato akamuuliza.

"Na mume wako."

"Ssenga yuko wapi?"

"Njiani. Gari limekufa. Tumekuja na lori."

Nakato akamtazama mama yake, gomesi lililofungwa kwa katani, vumbi la chumvi, kilemba kilichorudi nyuma mpaka nywele nyeupe zikaonekana. Kisha akanitazama mimi. Anajua lori lina nafasi gani mbele.

"Sasa mlikaaje?"

Nnalongo alikuwa anavua viatu, hakugeuka.

"Tulikaa," akasema.

Nakato aliachia kile chuma, kidole kimoja kimoja. Akamwambia nesi walete machela.

Mtoto alilia saa kumi kasoro. Nnalongo alikuwa ameketi mwisho mmoja wa baraza na mimi mwisho wa pili, tumegeuziana migongo inavyotakiwa, na tuliposikia ile sauti tulisimama wote wawili kwa pamoja.